Mizigo ya Safari ya Mwanaidi

Kengele ya mlango ililia Jumamosi alasiri, Mwanaidi yuko jikoni anachambua mchele, na moyo ukamlipuka paa. Nyumba ile haikuwa na wageni wa ghafla. Mtu akitaka kuja humpigia simu kwanza Msabaha, mumewe, naye Msabaha ndiye anayeamua kama wenyewe wapo au hawapo. Mwaka wa kumi huu Mwanaidi anaishi Hounslow, London, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow, na hajapata kumfungulia mtu mlango bila ruhusa.

Alimsikia Msabaha anainuka kitini, anaburuta ndara zake, anafungua.

"Shemeji! Habari za hapa? Mimi sikai, nimeleta tu mzigo wangu mdogo wa kumpa Mwanaidi. Dawa za presha za mama, hazifiki hata kilo. Kesho wanaondoka saa ngapi vile?"

Bakuli likamponyoka, mchele ukatapakaa sakafuni.

Hebu niyaweke sawa kwanza, ujue kwa nini dawa za presha za mama wa mtu zilimtia mwanamke kiwewe namna ile. Kesho yake, Jumapili, Msabaha alikuwa na zamu ya asubuhi. Alikuwa mpakiaji wa mabegi Heathrow, na zamu ile ingemtoa nyumbani alfajiri na kumrudisha saa tisa. Mwanaidi alikuwa amepanga kutoka saa tatu asubuhi na binti yake Nuru, mwenye miaka minane, waende Gatwick wapande ndege ya Addis Ababa, na kutoka Addis Ababa washuke Mombasa, kisha gari mpaka Mambrui, karibu na Malindi, kwa kaka yake. Tiketi kazikata huyo kaka. Gatwick ilichaguliwa makusudi, kwani Heathrow nusu ya wafanyakazi wanamjua Msabaha na nusu iliyobaki anawajua yeye. Tiketi hazikutumwa kwenye simu ya Mwanaidi, maana simu hiyo Msabaha huikagua kila jioni kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Zilitumwa kwa Jedidah, rafiki yake wa kazini.

Na kwa nini akimbie? Tuseme waziwazi, maana sisi watu wa Pwani tuna maneno chungu nzima ya kulifunika jambo hili. Ati mwanamume ana hasira za karibu. Ati kamgusa kidogo. Ati wamekorofishana. Msabaha alikuwa akimpiga mkewe. Alimpiga mahali panapofunikwa na nguo, kwa mkono, kwa mkanda, mara moja kwa pasi ambayo kwa bahati ilikuwa imepoa. Akimaliza husema, "Nenda polisi basi. Viza yako iko kwenye jina langu. Wewe watakupandisha ndege, Nuru atabaki hapa." Mwanaidi aliyaamini maneno hayo kwa sababu hakuwa na mtu wa kumuuliza kama ni kweli.

Mara mbili alikimbilia kwa Mama Rajab. Mama Rajab ni mjane wa Lamu, mtu mzima wa miaka sitini na ushei, ndiye anayeheshimiwa na Waswahili wote wa upande ule. Ukizaa yupo, ukifiwa yupo, ndoa yako ikiwaka moto yeye ndiye anayekuja na ndoo. Mara zote mbili aliwakalisha mume na mke kwenye zulia lake, Msabaha akalia machozi, akasema, "Mama, nimekosa, shetani kanipitia." Msabaha akaambiwa amnunulie mkewe leso mbili na manukato. Mwanaidi akaambiwa apunguze ulimi. Wakasomewa dua, wakala pilau, wakarudi nyumbani kwa basi wakiwa wamekaa kiti kimoja.

Kilichomfanya aamue kuondoka hakikuwa kipigo. Kilikuwa televisheni. Siku moja mwezi uliopita alimwona Nuru anachora mezani, ametulia zake, na funguo za baba yake zikasikika mlangoni. Mtoto hakuinua hata kichwa. Alinyoosha mkono, akachukua rimoti, akaongeza sauti ya katuni mpaka mwisho, akaendelea kupaka rangi. Hakuna aliyekuwa amegombana bado. Mtoto alikuwa anajiandalia tu, namna watu wanavyochukua mwavuli wakiona wingu. Mwanaidi alikwenda chooni akajifungia, akauma taulo, akalia.

Sasa sikiliza alivyokosea. Jedidah alikuwa muuguzi, Mkamba wa Machakos, katika nyumba ya wazee ambako Mwanaidi hufanya usafi asubuhi tatu kwa wiki. Mwanamke mwenye gari, mcheshi, mwenye moyo. Angeambiwa, "Jedidah, nakimbia, nifichie," angefunga mdomo mpaka kiyama. Lakini Mwanaidi aliona haya. Amelelewa akiambiwa ndoa ni stara, na stara haivuliwi mbele za watu, sembuse mbele ya mtu wa bara ambaye huenda akasema moyoni, kumbe hawa wa Pwani na udi wao na mashungi yao ndivyo walivyo! Fahari ya bure. Basi akamwambia Jedidah kwamba mama yake mzazi hajiwezi, anakwenda kumwona, shule imempa Nuru ruhusa, na Msabaha hana nafasi ya kuwapeleka uwanjani. Jedidah akampa pole na kumwambia atawapeleka yeye.

Na nani asiyejua mambo yetu tuishio London? Mtu akisafiri kwenda nyumbani, safari si yake peke yake. Mabegi yake ni ya watu. Huyu ana dawa za mama, yule ana viatu vya shule vya mpwa wake, mwingine ana simu iliyofungwa ndani ya soksi. Ukisafiri kimyakimya ukarudi, watakununia mwaka mzima, watasema una roho mbaya, umekwenda na mabegi makubwa mawili na hukumwambia mtu. Jedidah hakutaka shoga yake asemwe. Akaandika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, lile ambalo Msabaha alimtoa Mwanaidi mwaka juzi akisema lina umbea: "Mwanaidi na Nuru wanakwenda Malindi Jumapili kwa mgonjwa. Mwenye mzigo mdogo ampelekee Jumamosi alasiri. Mimi nitakuja na mizani." Akaweka na kipicha cha ndege.

Kwa wema kabisa!

Basi pale mlangoni alikuwa amesimama Zipporah, mke wa Lawrence, mwimbaji wa kwaya, mwanamke mwenye sauti ya kujaza nyumba. Na Msabaha, ambaye sekunde ile ndiyo kwanza anasikia kuwa mkewe anasafiri, hakusitasita hata kidogo. Hapo ndipo ujue mtu yule alikuwa nani.

"Karibu, karibu ndani shemeji," akasema. "Mzigo hauletwi ukaachwa mlangoni. Kaa unywe chai."

Kengele ikalia tena. Na tena. Wakaingia dada wawili wa Kilifi na mfuko wa peremende. Akaingia mwanamke wa Mtwapa na wigi ndani ya boksi. Akaingia Mama Rajab mwenyewe, kajitanda mtandio wake, na vitabu vya madrasa vya wajukuu. Wote Msabaha aliwapokea, akawavua makoti, akayatundika. Kisha akaja jikoni.

Mwanaidi alikuwa amepiga magoti anaokota mchele punje mojamoja. Aliona ndara zake zikisimama karibu na vidole vyake.

"Chemsha chai," Msabaha akasema taratibu, kwa sauti ambayo huko ukumbini wangedhani anauliza sukari iko wapi. "Wahudumie wageni wako vizuri. Wakiondoka tutazungumza."

Akarudi ukumbini, akicheka na watu.

Tutazungumza. Mwanaidi alilijua neno hilo. Akatazama dirisha la jikoni. Lina kufuli, na ufunguo uko kwenye mnyororo wa Msabaha. Mlango wa nyumba ni mmoja, na kuufikia lazima upite ukumbini. Nuru yuko chumbani na vitabu vyake. Akapiga hesabu haraka akapata jambo moja tu: watu wale wakiwepo, yeye yuko salama. Wakiondoka, kwisha.

Basi akaanza kupika, na alipika, jamani. Akatoa chai ya maziwa na iliki. Kabla vikombe havijafika nusu akatoa mahamri aliyokuwa ameyagandisha kwa ajili ya Ramadhani. Akachemsha mbaazi. Akakaanga viazi vya karai, mafuta yakamrukia kiganjani na asisikie kitu. Kila akisikia mtu anasema, "Haya, sisi twende," alitoka mbio na sahani nyingine.

"Mwanaidi, utatuua kwa chakula!" akasema dada mmoja wa Kilifi.

"Kuleni, kuleni. Bado kuna sambusa."

"Mtu ana safari kesho, badala apumzike anatukaangia sambusa," akasema Zipporah. "Na mume naye kakaa hapa anatumiminia chai! Msabaha, ungewafundisha wenzio. Wangu mimi hata birika halijui liko wapi." Akacheka mwenyewe, wengine wakacheka.

Msabaha akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Mke akiwa mwema, shemeji, mume hana budi."

Mwanaidi alikuwa amesimama na sinia, akatamani sinia lile limpasukie mtu kichwani.

Kwenye saa kumi hivi Jedidah akafika na mizani yake ya kuning'inizia mabegi, anahema kwa ngazi. "Mama Nuru! Umefungasha? Leta nipime, nisije nikawafikisha Gatwick mkaambiwa mmezidisha."

"Gatwick," Msabaha akarudia polepole.

"Eh, Gatwick. Hukujua?" Jedidah akacheka. "Wanaume bwana, mke anasafiri hata uwanja hajui. Nuru naye anaona siku haifiki, si ndiyo? Atamwona bibi yake."

Hapo Msabaha akaweka kikombe chini. Mwanaidi alimwona anafikiri, na alimjua sana, akaona ile misuli ya shavu inavyocheza. Kumzuia asisafiri asingeweza. Ameshapokea mizigo ya watu watano, ameshawaambia wote itafika. Akisema safari hakuna, wataanza kuuliza kulikoni. Lakini Msabaha hakuwa mtu wa kukosa njia.

"Nuru tumeahirisha," akasema. "Nimezungumza na mama yake, tumeona asikose shule. Atabaki na mimi. Mama Nuru ataenda peke yake amuuguze mama, arudi kwa raha zake."

"Ah, hapo umefikiri," akasema Mama Rajab. "Masomo ya hapa hayachezewi."

"Na mtoto wa kike kubaki na babake, ni wangapi wanaoweza hiyo?" akaongeza yule wa Mtwapa.

"Mama Nuru," Msabaha akasema, akamgeukia mkewe na tabasamu lake lote, "niletee ile pasipoti ya Nuru niiweke mimi. Isije ikachanganyika na vitu vyako ikapotea huko."

Wote wakamtazama Mwanaidi. Hawakumtazama kwa ubaya, walikuwa wanasubiri tu, vikombe mkononi. Mke kaombwa jambo dogo na mumewe mbele ya watu. Angesema nini? Miguu ikampeleka. Akaenda jikoni, akatia mkono ndani ya pipa la unga, akaitoa pasipoti ndani ya mfuko wa plastiki, akaifuta unga kwa leso yake, akaileta. Mkono wake mwenyewe ndio ulioinyoosha. Msabaha akaitia mfuko wa shati, akaupigapiga mara mbili.

"Ahsante, mke wangu."

Mwanaidi alihisi chumba kile kinapungua, kuta zinasogea. Amefungiwa, na safari hii amefungiwa mbele ya mashahidi wanaokula sambusa zake. Aende Mambrui amwache mwanawe na mtu huyu? Au abaki, mlango ufungwe, wazungumze? Mtu akikuchagulia haya mawili, ana haja gani ya kamba?

Wale dada wa Kilifi wakasimama. Sasa walikuwa wanaondoka kweli, wanatafuta makoti yao. Yule wa Mtwapa naye akainuka. Msabaha akakimbia kuwapa makoti, mwepesi ajabu.

"Msiende," Mwanaidi akasema.

Ilitoka ndogo, hawakusikia.

"Msiende!"

Ikatoka kama kelele, wote wakageuka.

"Hakuna mgonjwa," akasema. "Mama yangu mzima wa afya. Nilikuwa nakimbia. Nakimbia na mwanangu kwa sababu mtu huyu ananipiga. Ananipiga miaka kumi. Mkitoka kwenye mlango huo ataniua, na kama hakuniua leo ataniua kesho. Msiende, nawaomba."

Kikombe kimoja kikalia kwenye kisahani chake. Mwanaidi aliwatazama nyuso zao mmojammoja, akingoja waseme laa haula, wapige mayowe, washike vichwa. Hakuna aliyefanya hivyo. Dada mmoja wa Kilifi akatazama viatu vyake. Yule wa Mtwapa akashika boksi lake la wigi vizuri zaidi. Zipporah alikuwa ametumbulia macho zulia, sauti yake yote imemwisha. Ni Jedidah peke yake aliyeweka mkono kinywani.

Mwanaidi akaelewa, na kuelewa kule kulimuuma kuliko mkanda.

"Mlikuwa mnajua," akasema.

"Mwanangu," Mama Rajab akaanza, "hakuna asiye na mitihani nyumbani kwake. Kaa chini. Watu wazima tupo, mambo yatazungumzwa."

Na Msabaha, eeh, Msabaha alishaanza kazi yake! Alikuwa amepiga magoti mbele ya Mama Rajab, machozi yanamtoka, machozi ya kweli kabisa. "Mama, nimekosa. Sikatai. Kazi ya zamu, uchovu, shetani. Nihukumu mama yangu. Utakalosema nitalifuata."

"Umesikia?" Mama Rajab akamwambia Mwanaidi. "Kakiri mwenyewe. Mwanamume anayekiri ana heri. Jedidah, tupishe kidogo mwanangu, na nyinyi wengine, tuwaweke hawa pamoja."

Mwanaidi aliona zulia lile likitandikwa tena. Aliona leso mbili na manukato. Aliona basi na kiti kimoja. Na mtu ambaye maisha yake yote hajapata kumjibu mkubwa, akajibu.

"Mara ya kwanza, Mama Rajab, ulinirudisha na ubavu umevunjika. Mara ya pili ulinirudisha na mimba, nikamwaga damu siku tatu baada ya pilau yako. Mara ya tatu unirudishe na nini?"

Mama Rajab akamkodolea macho. "Mimba gani?"

"Ya miezi mitatu. Nilikupigia simu nikakwambia tumbo linanikata. Ukaniambia ninywe tangawizi."

Bibi yule alikuwa mtu wa majibu, hapakuwa na swali la ndoa lililowahi kumshinda upande ule wa London, lakini sasa alikaa na mikono mapajani kama mtu aliyeketi matangani. Juu ya paa ndege ilipita, ya kwao ya kila dakika mbili, vikombe vikatetema, ikaenda. Mlango wa chumbani ulikuwa umefunguka, na Nuru amesimama pale na soksi zake. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini.

"Kweli alikuwepo mtoto mwingine?" Nuru akauliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili hukisikia chote lakini hujibu kwa lugha ya shule.

Mama Rajab alimtazama mtoto yule kwa muda mrefu, kisha akainuka, akijishika goti. Akamwendea Msabaha pale alipopiga magoti, akanyoosha kiganja.

"Lete pasipoti ya mtoto."

"Mama, tuliyasema haya..."

"Sikukuita uzungumze. Lete."

Msabaha akasimama. Machozi yalikuwa yamekauka mara moja. "Nuru ni binti yangu. Kuna sheria nchi hii."

"Iko, na leo mimi nitakuwa shahidi wake wa kwanza," Mama Rajab akasema. "Nitawaambia mara mbili nilimwona mtoto wa watu na alama mwilini nikamrudisha kwako. Nitajitaja mwenyewe. Lete."

Msabaha akawatazama wanawake wale. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanamtazama yeye, si viatu vyao. Alikuwa mtu wa watu, Msabaha, mweka hazina wa chama cha maziko, msemaji wa harusi. Akatoa pasipoti mfukoni akaitupa juu ya meza, katikati ya makombo.

Jedidah hakungoja. Aliizoa pasipoti akaitia mfukoni, akamkamata Nuru mkono mmoja na Mwanaidi mkono mwingine, mizani bado ikining'inia begani kwake, akawatoa. Msabaha alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakuwazuia. Mwanaidi alipompita, Msabaha alimnong'oneza, "Utarudi tu. Unakwenda wapi wewe?"

Walitoka na nguo walizokuwa wamevaa. Nuru alivaa viatu ndani ya gari.

Nyumba ya Jedidah ilikuwa chumba na ukumbi, juu ya duka la simu. Alimpa Nuru mkate na juisi, akampa Mwanaidi sweta lake, akakaa sakafuni mbele yake na kuanza kulia yeye.

"Nisamehe. Mimi ndiye niliyeandika. Ningejua..."

"Ungejuaje? Nilikwambia mama mgonjwa."

"Nakuona kila wiki, Mama Nuru. Ulikuwa huinui mkono wa kulia. Mimi ni nesi."



Jedidah akajifuta uso, akayasema yaliyobaki, na hayakuwa matamu. Kesho hakuna Gatwick. Amefundishwa kazini mambo haya: ukimpandisha mtoto ndege bila baba yake kuridhia, Msabaha ataenda mahakamani aseme kaibiwa mwana, na hapo atakuwa na haki. Kuna namba ya kupiga, kuna nyumba za kuwaficha wanawake, kuna wakili wa mambo ya viza, na ile viza, kumbe, haimfungi kama alivyoambiwa. Lakini itachukua miezi. Na polisi itabidi waambiwe, leo hii.

"Kwa hiyo siendi nyumbani?"

"Bado."

Mwanaidi akaitikia kwa kichwa. Mambrui ilikuwa imemkaa kooni tangu alfajiri, mama yake, uwanja wa nyumba yao, sauti ya kaka yake, na sasa ilimbidi aimeze yote. Ametoka kwenye nyumba moja yenye mlango mmoja ameingia kwenye nchi nzima ambayo hawezi kutoka. Alikuwa na hasira, alikuwa na hofu, na mkono ulioungua mafuta ndiyo kwanza ulikuwa unaanza kumuuma.

Simu ya Jedidah ikaanza kulia mfululizo. Kundi la akina mama lilikuwa limewaka. Jedidah akafungua ujumbe wa kwanza, akasonya. Mtu alikuwa ameuliza: "Poleni kwa yaliyotokea. Sasa mizigo yetu itakwendaje?"

"Shenzi," Jedidah akasema. Mwanaidi, wallahi, akacheka, kicheko kibaya kilichomtoka puani.

Jedidah alikuwa anatafuta namba ile ya kupiga wakati ujumbe mwingine ulipoingia, huu si wa kundi. Akausoma akaganda. Kisha akampa Mwanaidi simu.

Ulitoka kwa Zipporah, mke wa Lawrence.

"Jedidah, muulize Mwanaidi kama huko anakopelekwa wanapokea mwenye watoto wawili. Ni mimi. Tafadhali futa ukishasoma."

Mwanaidi akausoma mara ya pili. Akamkumbuka Zipporah ukumbini akicheka juu ya birika, na wengine wakicheka naye, na yeye mwenyewe Mwanaidi akimwonea kijicho. Alijua la kuuliza kwanza. Akaandika: "Lawrence yupo nyumbani sasa hivi?"